Mwenyekiti Yuko Kwenye Beseni

Kuku akiugua mtaani kwetu, kila mtu ni daktari, na kila daktari ana dawa moja: mwarobaini. Kuku anakohoa, mwarobaini. Anaharisha, mwarobaini, ila uongeze pilipili. Amevunjika mguu, hapo watafikiri kidogo, kisha watasema mwarobaini hauna madhara.

Siwalaumu. Kuku ana tabia ya kuficha ugonjwa, maana anayeonekana mnyonge bandani hudonolewa na wenzake. Ukimkuta kajikunyata pembeni saa nne asubuhi, manyoya kayatimua, macho nusu kayafumba, ujue kaumwa muda mrefu na sasa anakutaarifu tu. Na dalili zenyewe zinaingiliana. Mdondo, homa ya matumbo, hata minyoo ikizidi, mwanzo wake ni huohuo wa kusinzia na kususia pumba.

Mgonjwa wetu alikuwa Mwenyekiti. Ni kuku wa mayai, mwekundu, aliyepewa cheo hicho kwa sababu hupanda juu ya stuli na kuwatazama wenzake wakichakura. Nyumbani jina hilo halikuwa na tatizo. Tatizo lilianzia ndani ya daladala, mke wangu alipopiga simu na mimi nikalazimika kupaza sauti kushinda muziki wa dereva.

"Mwenyekiti hajala tangu asubuhi."

"Mwenyekiti anaharisha?"

Abiria wa mbele yangu akaacha kutafuna karanga.

"Hapana. Kasimama wima tu, anajikamua, hakuna kinachotoka."

"Hebu mpapase chini, karibu na makalio, uone kama kuna kitu cha mviringo."

Konda akasahau kunidai nauli.

"Kipo!"

"Basi limemkwama. Pasha maji, mkalishe kwenye beseni, mpake mafuta huko nyuma. Ikishindikana tutamchinja Jumapili."

Jirani yangu wa siti alishuka kituo kilichofuata, na nina hakika hakikuwa chake.

Nilipofika nyumbani, Mwenyekiti alikuwa ndani ya beseni la bluu, maji ya uvuguvugu yamemfika tumboni, mkia ukipanda na kushuka. Yai huchukua kama siku nzima kutengenezwa, na sehemu kubwa ya muda huo huishia kwenye kujenga ganda. Ganda linataka chokaa, na misuli ya kulisukuma yai nayo inaitaka hiyohiyo. Chakula kikikosa chokaa, yai linafika mlangoni na mwenyewe hana nguvu ya kulitoa. Maji ya uvuguvugu humlegeza, nusu saa hivi, kisha unamfuta na kumweka mahali penye giza na utulivu.

Utulivu ndio uliotushinda. Kuku aliye ndani ya beseni la maji ya moto, Mswahili yeyote anajua hatua inayofuata. Shangazi aliyekuja kutusalimia alimwona mara moja tu, akavua mtandio, akaomba kisu na kuanza kukata vitunguu vya kachumbari. Nikamweleza kwamba huyu anakandwa ili apone.

"Apone," akasema shangazi, "halafu?"

Jirani wa upande wa pili akashauri tulibonyeze yai kwa nguvu litoke. Hapo nilikuwa mkali, kwa sababu ganda likipasukia ndani linamchana njia ya mayai na kumletea maambukizi, na huo ndio mwisho wake. Basi akakimbilia kwake na kurudi na unga wa antibayotiki uliobaki tangu mafua ya mwaka jana. Nikamwambia antibayotiki haisukumi yai, na hata ingetakiwa, mayai hayaliwi mpaka zipite siku zilizoandikwa kwenye pakiti. Akaniuliza kama nimejaribu mwarobaini.

Wakati huohuo akabisha hodi mwenyekiti wa mtaa, yule wa kuchaguliwa. Tangu mchana alikuwa akipigiwa simu za pole, na mmoja alishamuuliza kuhusu Jumapili. Alimtazama mgonjwa kwa muda, mikono nyuma, akatamka: "Huu ni mdondo."

"Mdondo una kuharisha kijani na kupinda shingo, mheshimiwa. Na ni virusi, hauna dawa, una chanjo. Hawa tunawadondoshea ya I-2, tone moja jichoni, kila baada ya miezi mitatu."

"Hata mwarobaini haufai?"

Kabla sijajibu, Mwenyekiti alichuchumaa, akatoa sauti ya mlango mkavu, na yai likazama kwenye beseni. Ganda lilikuwa laini, ukiligusa linabonyea. Watu wakapiga makofi, isipokuwa shangazi, ambaye kachumbari ilishaiva.

Siku hizi kuna kopo la chokaa bandani, kando ya chakula, kila mmoja ajidonolee anavyotaka. Mwenyekiti wa mtaa alituomba kwa upole tubadilishe jina. Kuku sasa anaitwa Diwani. Huyo ni nadra kupita kwetu.