Sifa za Filamu Isiyotokea Jambo

Kila fani chini ya jua imepata msifu wake: ushairi umesifiwa na washairi, ambao hawakuona haya kujisifu wenyewe, muziki umesifiwa hata na viziwi, na uchoraji umesifiwa na matajiri walioununua ghali wakataka wengine nao waone kuwa ni ghali. Walakini filamu ile ambayo mtazamaji huketi mbele yake saa nzima, au saa nane, asione tukio lolote ila mtu amelala, au jumba limesimama, au mwanamke anamenya viazi, haina wakili wa kuitetea, ijapokuwa mahasimu wake ni wengi, wana sauti kubwa, na aghalabu husikika wakibamiza viti wakati wa kutoka. Dhuluma hii imenikera. Najitolea, bila ya ujira, kushika uwakili wake mbele ya msomaji mwadilifu, na mashahidi nitawaleta.

Shahidi wangu wa kwanza ni mtu aliyelala. Mwaka 1963 mchoraji wa New York, Andy Warhol, ambaye hapo kabla alikuwa amekwisha kujipatia jina kwa kuchora makopo ya supu, alishika kamera akampiga picha sahibu yake, mshairi John Giorno, akiwa usingizini. Na kazi hiyo, iliyopewa kwa unyofu mkubwa jina la Sleep, ilitimia zaidi ya saa tano bila ya neno kutamkwa. Ilipofikishwa Los Angeles mwaka uliofuata, walikusanyika watu kama 500, na baada ya kutazama tumbo la mtu likipanda na kushuka kwa muda usiostahimilika, mmoja wao aliondoka kitini, akakimbilia kwenye pazia, akasogea karibu na sikio la yule aliyelala, akampigia ukelele aamke. Nauliza: ni filamu gani nyingine iliyopata kuzua huruma ya namna hii? Katika sinema za vita watu huuawa kwa mamia, na mtazamaji akaendelea kutafuna njugu zake asinyanyuke. Hapa mtu mmoja alilala tu, tena salama, na mwenziwe akahangaika kumwokoa.

Mwaka huo wa 1964 Warhol akaja na kubwa zaidi. Usiku wa tarehe 25 Julai, yeye na wenzake, miongoni mwao Jonas Mekas, Mlithuania aliyekuwa kama imamu wa filamu za aina hii katika mji ule, walipanda ghorofa ya 41 ya jumba la Time-Life, wakaielekeza kamera kwenye jumba la Empire State, na tangu saa 2:06 za usiku hadi saa 8:42 hawakuigeuza kushoto wala kulia. (Msomaji wa Unguja asiichanganye filamu hii, iitwayo Empire, na sinema ya Empire ya kwao, ambamo filamu za Kihindi ziliwaliza watu wazima hadharani; Empire hii haijamliza mtu, ila aliyekumbuka kiingilio chake.) Kamera ilipiga picha 24 kwa kila sekunde, na Warhol akaamuru zionyeshwe 16 kwa sekunde, hata kila saa mbili za kamera zikawa saa tatu za mtazamaji, na filamu ikafika saa nane na dakika tano. Wanazuoni wa fikihi, kwa nijuavyo, hawajaulizwa hukumu ya jambo hili. Lakini riba ya nusu ya rasilimali, tena inayotozwa kwa mtu aliyekwisha kulipa mlangoni, si riba ndogo.

Asiseme mtu kwamba filamu hiyo haina kisa. Mwanzoni weupe wa machweo hufifia, na taa za kilele cha jumba zikawaka. Karibu na mwisho taa hizo huzimwa, likabaki giza. Na katikati, mara chache, kila ulipotiwa mkanda mpya na kamera ikaanza kabla ya taa za chumbani kuzimwa, sura ya Warhol au ya Mekas huonekana katika kioo cha dirisha, kisha ikatoweka. Aliyevumilia mpaka saa ya kuzimwa taa hushtuka kuliko mwenziwe wa sinema ya mtaa wa pili anavyoshtuka gari linapolipuka, maana yule amelipuliwa magari sita tangu aketi, na huyu hakupewa kitu. Na katika onyesho la kwanza, Machi 1965, hazikupita dakika kumi ila watu 30 au 40 walimiminika ukumbi wa mbele, wakawazingira wenye shughuli, wakaapa kuwapiga na kulivunja jumba la sinema wasiporudishiwa fedha zao. Wanaodai kwamba filamu hizi haziamshi hisia wamesahau kwamba ghadhabu nayo ni hisia, na ni miongoni mwa zile zenye nguvu.

Fadhila zake za kila siku ni tele. Mtu aliyechelewa hachelewi. Aliyetoka kwenda kuswali Isha, akala chakula chake kwa utuvu, akamjulia hali jirani mgonjwa, akirudi atalikuta jumba lipo pale pale alipoliacha, wala hatahitaji kumsumbua wa kando kwa kuuliza ni nani aliyemuua nani. Yule adui wa faragha za watu, ambaye ameiona filamu jana na leo hawezi kuuzuia ulimi wake, amenyang'anywa silaha: na afichue mwisho, na afichue katikati, hapana atakayemkasirikia. Hata mfasiri wa vibanda vya video vya Dar es Salaam, bingwa awezaye kumtilia maneno kinywani shujaa yeyote wa Hong Kong, akawafanya watu wacheke mahali ambapo mwenye filamu alikusudia walie, hapa angalilazimika ama kunyamaza, ama kusema kweli. Na sijui lipi kati ya mawili lingalimwia zito zaidi.

Kuhusu kusinzia, ambako mahasimu hukutaja kana kwamba ni aibu ya filamu, ninaye shahidi asiyepingika. Abbas Kiarostami, fahari ya sinema ya Uajemi, alikuwa akisema waziwazi kwamba anazipendelea filamu zinazompa mtazamaji usingizi mwanana kuliko zile zinazomshika mateka. Yeye mwenyewe alitoa mwaka 2003 filamu iitwayo Five: gogo linachezewa na mawimbi ufukweni hata likavunjika, watu wanapita kando ya bahari, mbwa wamejilaza, mabata wanapita mbele ya kamera wakielekea upande mmoja, kisha ghafula, kwa sababu waijuayo wao, wote wanageuka na kurudi mbio, na mwisho mwezi unaonekana katika maji ya kidimbwi, vyura wakilia. Nimeitazama. Napenda kushuhudia kwamba kurudi kwa wale mabata ni mzaha mtamu kuliko maigizo mengi ya kuchekesha, na kwamba lau wangalitangazwa mapema wasingalichekesha hata kidogo.

Iko hoja wapinzani waipendayo, nayo ni kwamba kazi ya namna hii hata mtoto angaliweza kuifanya. Nakubali kwamba mtoto angaliweza kuianza. Isitoshe, wanaosema hivyo hudhani kuwa kamera iliachwa imesimama na mwenyewe akaenda zake kunywa kahawa, jambo ambalo kwa Empire si mbali sana na kweli, lakini kwa Sleep ni uzushi: kamera aliyokuwa nayo Warhol ilipokea vikanda vya dakika chache tu, akalazimika kumpiga Giorno vipande vingi, kisha akaviunga, vingine akavirudia tena na tena, hata anayeamini ameona usiku mmoja wa mtu mmoja ameona usiku ulioshonwa kwa viraka. Kidimbwi cha Kiarostami nacho hakikupatikana usiku mmoja. Kumbe hata kutotokea kwa jambo kunamhitaji fundi.

Na adabu je? Mwaka 1967 Michael Snow, msanii wa Kanada, alitengeneza Wavelength, filamu ya dakika 45 ambayo kamera husogeza jicho lake polepole kutoka upande mmoja wa chumba kirefu mjini New York mpaka kwenye picha ya mawimbi iliyobandikwa ukuta wa mbele, huku sauti kama ya king'ora ikipanda mpaka meno yanauma. Njiani mtu anaingia, anaanguka sakafuni, anakufa. Kamera haimsimamii, haimuulizi, inampita ikafuata safari yake. Sisi tuliozoea kamera zinazomrukia kila maiti tungejifunza hapa kutojitia katika mambo yasiyotuhusu, na waamuzi wa tamasha la filamu za majaribio la Knokke, Ubelgiji, walioipa tuzo kuu mwaka ule ule, bila ya shaka walikuwa watu wa staha.

Ubelgiji hiyo hiyo ndiyo iliyotoa filamu ambayo inanitia mashakani katika uwakili wangu, kwa kuwa nimeizoea kazi ya kutetea kwa dhihaka, na hii hainipi nafasi. Chantal Akerman alikuwa na miaka 24 tu alipoitengeneza Jeanne Dielman, iliyotoka mwaka 1975 na yenye dakika 201. Ni siku tatu za mjane mmoja wa Brussels, anayechezwa na Delphine Seyrig: anatandika kitanda, anaosha vyombo, anazima taa kila atokapo chumbani, anampikia mwanawe, na alasiri humpokea mwanamume anayemlipa fedha, ambazo huziweka ndani ya bakuli la supu mezani na kulifunika. Kamera imesimama mbele yake kwa kimo cha mtu mfupi, haimfuati. Siku ya kwanza mtazamaji hujikuna. Siku ya pili, mgeni akiisha kuondoka, viazi vimeiva kupita kiasi. Naye huishika ile sufuria akazunguka nayo nyumbani, jikoni, chooni, tena jikoni, asijue pa kuiweka, kama kwamba ameshika siri. Bakuli la fedha limesahauliwa wazi. Nywele zimekaa vibaya. Hapo watu waliokuwa wakisinzia hukaa wima, kwa sababu wamekwisha kuujua utaratibu wa mwanamke yule kama wa mama yao, na kifuniko kisichokuwa mahali pake kinawatisha. Mkasi utakapotumika siku ya tatu, hapana aliyehitaji muziki wa kumwonya. Mwaka 2022 wahakiki walioulizwa na jarida la Uingereza Sight and Sound waliiweka mbele ya filamu zote za dunia, jambo ambalo halijapata kumfikia mwanamke tangu kura ile ianze mwaka 1952. Na ijapokuwa sishiki kwamba filamu hupangwa foleni kama watu wa dukani, sikuona ajabu.

Basi wateja wangu hawalingani, wala singependa wahukumiwe kwa pamoja. Jumba la Warhol ukisimuliwa umekwisha kuliona, na katika wanaolisifu nadhani wengi wameridhika na simulizi; viazi vya Akerman usimuliwe mara mia hujaviona, maana lililomo halimo katika viazi, limo katika saa ulizokaa navyo. Anayeuliza kama filamu hizi ni sanaa au si sanaa angeuliza kwanza uchovu aliotozwa umenunua nini.

Serikali ya Marekani, hata hivyo, imemtukuza yule wa jumba. Mwaka 2004 Empire iliingizwa katika orodha ya taifa ya filamu zinazohifadhiwa na Maktaba ya Bunge, zisije zikapotelea vizazi vijavyo; wakati jumba lenyewe, na ghorofa zake 102, lingali Fifth Avenue, halijasogea hata shubiri, na kusimama barabarani kulitazama usiku kucha hakuna kiingilio.