Maharamia Wenye Hati

Mgeni aingiapo Saint-Malo, mji wa pwani ya Bretagne uliozungushiwa boma la mawe, naye hana wasaa ila saa chache kabla ya gari la moshi la jioni, aghalabu hupanda ukutani, akayatazama majumba kwa taadhima na kuusifu ukongwe wake, asijue kwamba mengi yaliteketea katika vita vya Agosti 1944 yakajengwa upya, hata huenda babu yake akawa mkongwe kuliko dari anayoistaajabia.

Atapigwa picha, bila shaka, chini ya sanamu ya Robert Surcouf, aliyeiteka merikebu ya Kiingereza Kent mwaka 1800 katika Ghuba ya Bengali, na ambaye kabla ya hapo alifanya biashara ya watumwa katika Bahari hii yetu ya Hindi. Haramia? Hasha! Alikuwa na hati ya serikali; asiye na hati ndiye hunyongwa, mwenye nayo husimamishiwa sanamu.

Katika kisiwa cha Grand Bé, kifikiwacho kwa miguu maji yakipwa, amelazwa tangu 1848 mwandishi Chateaubriand, aliyetaka asisikie ila bahari na upepo. Sasa husikia pia wageni wakiulizana watakula wapi. Basi msomaji, ukijaliwa kwenda, tazama kwanza saa za maji kujaa, kwani tofauti ya kujaa na kupwa huko hupita mita 12 nyakati za bamvua, na ukichelewa utashinda na marehemu hadi yapwe tena.