Muulize Tantine wa Karavia: Leza Machoni, au Nibaki na Miwani?

*Tantine, nina miaka 24, nakaa hapahapa Karavia, navaa miwani ya minus 6. Mjomba wangu aliye Johannesburg anataka kunilipia leza ili niitupe. Mama hataki hata kusikia. Nimfuate nani? – Macho Manne*

Macho Manne, papa wangu,

Umefanya vizuri kuniandikia mimi kabla ya kwenda kwa daktari. Daktari angekumulika, angekuuliza maswali mawili, kisha angeita, “Mwingine!” Mimi sina haraka. Mhariri amenipa ukurasa mzima, na picha yangu haichukui zaidi ya robo yake. Ni ile niliyopigwa mbele ya hoteli ya Grand Karavia, nimevaa wax mpya, na kiwanja cha golfu kimejitokeza nyuma ya bega langu la kushoto, ambalo ndilo zuri.

Tuanze na jambo kubwa, yaani macho yangu. Macho haya hayajawahi kuvaa miwani ya daktari. Desemba 2010, TP Mazembe wetu walipokuwa timu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya Kombe la Dunia la Klabu kule Abu Dhabi, mtaa mzima ulijazana kwa jirani mbele ya televisheni moja. Mimi nilisimama nje, nyuma ya dirisha na umati wote, na bado nilimwona kipa wetu Kidiaba akirukaruka kwa makalio vizuri kuliko refa alivyomwona. Kwenye fainali Inter ya Milano walitufunga matatu. Nayo niliyaona, ila niliamua kuangalia pembeni.

Sasa turudi kwako. Kinachokusumbua si macho, ni aibu. Hukuliandika hilo, lakini mimi husoma hata kisichoandikwa. Sikiliza: katika mji huu mtu wa miwani huitwa Docta kabla hajafungua mdomo. Polisi wa rulaji, yaani wa barabarani, akikusimamisha, hufikiri kidogo, huenda wewe ni hakimu. Sapeur wa kweli, yaani mtanashati wetu, hununua fremu yenye vioo visivyo na nguvu yoyote, na hulipa bei ya mbuzi. Mobutu mwenyewe alitawala tangu 1965 hadi 1997 na fremu nene usoni. Aliiona Gbadolite, mji wa kwao, akiwa Kinshasa, ingawa mshahara wa mwalimu haukuwahi kumwingia machoni. Na wewe unataka kuitupa yako!

Dawa yangu ya kwanza, isiyo na gharama: ukiwa huoni mbali, sogea karibu. Nilimpa jirani ushauri huo, akahama Karavia akaenda kupanga chumba mlangoni pa mwanamke aliyekuwa akimtazama toka mbali. Leo wana watoto watatu na kesi mbili. Dawa ya pili ni kufuga kasuku wa kijivu, umfundishe kupiga kelele “Mdai huyo!” kila anapokuja mtu unayemkimbia. Lakini usifikiri utamuuza ng’ambo ukimchoka: tangu 2017 mkataba wa CITES umepiga marufuku biashara ya kimataifa ya kasuku hao wa porini, na pale mpakani Kasumbalesa forodha hawana mchezo na ndege anayeongea.

Lakini umeuliza leza, na Tantine hakimbii sayansi.

Mambo yalianza kwa nyama. Novemba 1981, katika maabara ya IBM jimbo la New York, mwanasayansi mzaliwa wa India, Rangaswamy Srinivasan, alirudi kazini siku iliyofuata sikukuu ya Wamarekani ya shukrani akiwa na mabaki ya bata mzinga. Akayapiga kwa leza ya eksima, ambayo hutoa mionzi ya urujuanimno, nanomita 193, isiyoonekana kwa jicho. Yeye na wenzake James Wynne na Samuel Blum wakakuta imechonga mkato safi bila kuunguza pembeni. Mwaka 1983 daktari wa macho Stephen Trokel akaonyesha pamoja na Srinivasan kwamba inaweza kuchonga jicho la ng’ombe. Mwaka 1988 Marguerite McDonald akaitumia kwa jicho la mtu aliyekuwa bado anaona.

Unajiuliza kwa nini jambo hili halikugunduliwa Lubumbashi? Akili ilikuwepo, maana mimi nilikuwepo. Kikwazo kilikuwa kimoja tu: kwetu sikukuu ikiisha, nyama haibaki. Bukari ilibaki, sombe ilibaki kidogo, lakini huwezi kupata tuzo kwa kupiga leza bukari. Srinivasan na wenzake walivishwa medali na Rais Obama mwaka 2013. Mimi sina kinyongo.

Kinachochongwa ni konea, kile kioo cha mbele cha jicho. Kwa njia iitwayo LASIK, daktari hukata tabaka jembamba la juu, hulifunua kama ukurasa wa Biblia, leza hufanya kazi yake chini kwa sekunde chache, kisha ukurasa hufunikwa. Kesho yake wengi wanaona vizuri. Njia ya zamani zaidi, PRK, haina ukurasa: ngozi ya juu ya konea huondolewa, leza hupita, na ngozi huota yenyewe. Hiyo inauma siku kadhaa na uoni hurudi polepole, ila hakuna ukurasa wa kufunuka ukipigwa ngumi. Kama wewe ni bondia, au una mke mwenye hasira, mwambie daktari mapema.

Sasa hesabu. Mimi napiga hesabu kichwani kuliko wabadilishaji fedha wote wa mjini, kwa hiyo fuata. Konea ya kawaida katikati ina unene wa mikroni kama 540, yaani nusu milimita na ziada kidogo. Ukurasa wa LASIK unakula kama 110. Kila dioptri moja, yaani kila namba moja ya miwani, inakula 12 hadi 15. Za kwako ni sita, tuseme 84. Toa vyote, unabaki na 346. Madaktari hawataki ibaki chini ya 250, kwa hiyo wewe umepita. Lakini hiyo ni konea ya kitabuni! Ikiwa yako ni 470, unabaki na 276, na daktari mwenye busara ataanza kukuna kichwa. Ndiyo maana hata mimi siwezi kukujibu bila mtu kupima unene huo, ingawa karibu kila jambo lingine naliweza.

Na kuna ramani. Kabla ya leza konea huchorwa ramani kwa mashine, kutafuta ugonjwa wa keratokonasi, ambapo konea huwa nyembamba na kuchongoka mbele. Mwenye huo hachongwi, kwa sababu leza humwongezea udhaifu. Nakuambia hivi kwa sababu nimewaona watoto wa hapa mwezi wa saba, vumbi limetanda, malori ya shaba yanapita, na kila mtoto anasugua macho kwa ngumi mbili. Mzio wa macho na kusugua ni marafiki wakubwa wa keratokonasi. Ulikuwa msuguaji, Macho Manne? Ukinidanganya mimi, usimdanganye daktari.

Jiulize maswali haya pamoja na mjomba wako, na umwambie yametoka kwangu, atajipanga. Nguvu ya miwani yako imetulia angalau mwaka mzima, au kila ukipima inapanda? Ikiwa inapanda, leza itakuchongea jicho la mwaka jana. Unavaa lenzi za machoni? Hizo zinavuliwa kwa muda kabla ya vipimo, laini kwa kawaida wiki moja au mbili, ngumu zaidi, kwa sababu hubadilisha umbo la konea. Macho yako ni makavu? LASIK huyakausha zaidi kwa miezi, na kwa wachache huendelea. Usiku unaendesha gari? Baadhi huona mizunguko ya mwanga kwenye taa, na barabara yetu ya kwenda Kasumbalesa ina taa za malori za kutosha bila kuziongezea pete.

Na swali ambalo mjomba hajalifikiria, maana wajomba hufikiria tiketi ya kwenda tu: ukitua uwanja wa ndege wa Luano, nani atakuangalia? Kuna ukaguzi wa siku ya kwanza, wa wiki, wa mwezi, na wa miezi inayofuata, pamoja na dawa za matone na kutoruhusu maji machafu wala vidole kugusa jicho. Nenda wakati wa mvua, si katikati ya kiangazi, na kabla hujaondoka tafuta daktari bingwa wa macho hapa Lubumbashi aliyekubali kukupokea ukirudi. Na shangazi asikutie majani machoni kwa huruma. Dawa hizo za mitishamba zimewaachia watu vidonda na makovu ya konea yasiyofutika. Munkoyo inanywewa, mwanangu. Haitiwi jichoni hata ikiwa imechujwa na mimi, na yangu ndiyo safi kuliko zote Karavia.

Sitaki useme nakutisha. Uchunguzi uliokusanya tafiti nyingi, uliotolewa mwaka 2009, ulikuta kama watu 95 kati ya 100 wameridhika na LASIK. Hao ni wengi kuliko wanaoridhika na ndoa zao, na hizo ndizo barua ninazopata zaidi.

Ila kuna mambo mawili ambayo leza haiyagusi, na hapa weka simu chini. La kwanza: jicho la minus 6 ni refu kuliko la kawaida, na leza huchonga mbele tu. Nyuma, retina inabaki imevutwa vilevile. Ukiona vimulimuli vya ghafla, vinukta vyeusi vingi vinavyoelea, au pazia linashuka upande mmoja, kimbia hospitali siku hiyohiyo, hata kama uliiweka miwani yako makumbusho. La pili ni glakoma. Watu weusi huipata zaidi na mapema, nayo haiumi. Hula uoni toka pembeni mpaka unabaki na tundu. Hupimwa kwa presha ya ndani ya jicho, pamoja na kuangalia mshipa wa fahamu ulio nyuma ya jicho. Sasa sikiliza ujanja: konea iliyopunguzwa kwa leza huifanya mashine isome presha chini kuliko ilivyo kweli. Yaani utaambiwa uko salama, kumbe la. Kwa hiyo chukua vipimo vyako vyote vya kabla ya leza, presha na unene wa konea na ramani, uvitunze pamoja na cheti cha ubatizo, na umwonyeshe kila daktari atakayekugusa jicho. Hata ukizeeka na kupata mtoto wa jicho, vipimo hivyo ndivyo vitamsaidia daktari kuchagua lenzi ya kukuwekea.

Nilikuwa nimekuandalia pia Mtihani wa Tantine, ambao hufanywa ukiwa umesimama barabara ya golfu saa kumi na mbili jioni: ukimwona polisi wa rulaji kabla yeye hajakuona, macho yako ni mazima. Nimeufaulu kila mara, na bado nalipishwa. Nafasi haitoshi kueleza.

Haya, hukumu. Mama anakataa kwa sababu hakuna aliyemweleza. Mpeleke naye kwa daktari asikie kwa masikio yake. Mjomba alipie vipimo kwanza, leza baadaye. Konea ikiwa nene, ramani ikiwa safi, nguvu ikiwa imetulia na mtu wa kukuangalia hapa akipatikana, chongwa kwa amani. Kimoja kikikosekana, vaa miwani yako, na fedha ya mjomba utaninunulia wax.

*Tantine, nina miaka 47, nauza vitenge sokoni Kenya. Siku hizi siwezi kutia uzi kwenye sindano. Na mimi niende kwenye leza? – Mama Sindano*

Mama Sindano, yaya wangu, hapana. (Wasomaji wa mbali: Kenya ni komini yetu, si nchi.) Ukifika miaka arobaini na kitu, lenzi iliyo ndani ya jicho hukakamaa na kushindwa kuvuta vitu vya karibu. Leza ya Macho Manne huchonga konea, haiilainishi lenzi. Hata yeye akifika umri wako atatafuta miwani ya kusomea kama wewe. Usinunue ile ya kwenye meza ya barabarani bila kupimwa. Mwone mpima macho, akuangalie na presha ya jicho hapohapo, na nyumbani ukumbuke kama kuna baba au dada aliyepofuka bila maumivu, umwambie. Zaidi ya miaka arobaini, kipimo hicho ni cha kila mtu.

Mimi uzi bado naupitisha, mkono mmoja, gizani. Barua za wiki ijayo ziandikwe kwa herufi kubwa. Si kwa ajili yangu, ni kwa ajili ya mhariri.