Mvua Katika Maeneo Machache

Mtangazaji wa hali ya hewa huanza na watu wa mbali. Atawapitia wa Ziwa Victoria, kutoka Kagera hadi Mara, atapanda Arusha na Kilimanjaro, atateremka Kigoma, atakatiza Dodoma na Singida. Sisi wa Pwani ya Kaskazini tunangoja zamu yetu, redio imepandishwa sauti, watoto wamekatazwa kulia. Kisha, kama ni mwishoni mwa Februari, tunasomewa yale yale ya mwaka jana: hali ya mawingu kiasi, mvua katika maeneo machache na vipindi vya jua. Ukimeza mate tu, keshafika Lindi na Mtwara.

Hiyo Pwani ya Kaskazini ya Mamlaka ya Hali ya Hewa ni Tanga, Dar es Salaam, mkoa wa Pwani pamoja na kisiwa cha Mafia, kaskazini mwa Morogoro, Unguja na Pemba. Zipo nchi ndogo kuliko hapo. Lakini uani kwetu Tabata, nyumba ya vyumba sita, choo kimoja na kamba mbili za nguo, taarifa hupokewa kama barua iliyoandikwa jina la kila mpangaji. Anayekodisha maturubai ya harusi anaamini vile vipindi vya jua amesomewa yeye. Mwenye bati linalovuja hana haja ya kuuliza maeneo machache ni yapi. Moja liko juu ya kitanda chake.

Mimi namtetea mtabiri. Wiki zenyewe ni za kutatanisha. Kaskazi iliyovuma tangu Desemba imechoka, kusi haijaja, na ukanda wa mvua uliopiga kambi kusini unaanza kulifuata jua kurudi kaskazini. Jua lenyewe, siku za mwanzo za Machi, hupita sawasawa juu ya utosi wa Dar es Salaam. Saa sita na nusu mchana ukikitafuta kivuli chako utakikuta kimejibana chini ya kandambili. Mchana nyuzi 32 au 33, usiku 25, na shuka inakung'ang'ania mgongoni. Ardhi imechemka, upepo wa baharini unaingia na kuisukuma hewa ya moto juu, mara wingu moja linafumuka Kimara na kumwaga kila lilichobeba papo hapo. Watu wa Kariakoo hawana habari mpaka waone basi la kutoka huko linachuruzika maji. Sasa umdai mtu mwenye ramani ya mikoa mizima akutajie mtaa? Huko ni kumwonea.

Uani kwetu hatumdai. Tunamsahihisha.

Mzee wa chumba cha mbele, mstaafu wa reli, ana goti la kulia ambalo kwa maelezo yake huhisi mvua siku moja kabla. Mama wa vitumbua anamsikiliza dudumizi anayelia kichakani nyuma ya choo, na kwa haki niseme ndege huyo hajawahi kutoa taarifa halafu akaiombea radhi. Kijana wa chumba cha mwisho ana programu ya simu inayompa mvua saa kwa saa, kwa asilimia. Kuna siku ilimwonyesha jua kali naye amesimama uani analowa. Akaifuta simu kwa shati, akatazama tena, jua likawa limeongezeka. Mama mwenye nyumba hana goti wala programu. Ana sauti. Akisema "Leo hainyeshi," tunaanika.

Zile taarifa za rangi, njano ya angalizo, chungwa ya tahadhari na nyekundu ya tahadhari kubwa, hizo hatuzifanyii mzaha tangu Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipokuja mpaka Mafia. Siku zile hata goti lilinyamaza likasikiliza redio. Ila mvua ya maeneo machache haipewi rangi. Haijafikia hadhi hiyo. Ndiyo inayotumaliza.

Alhamisi moja, basi, mama mwenye nyumba alikuwa ametamka. Tangu asubuhi kamba zote mbili zilikuwa zimeelemewa: shuka za vyumba vinne, sare za shule, kanga, taulo, na zile nguo ndogo ambazo kila mtu huzificha chini ya kanga akidhani wenzake hawajui kanga huficha nini. Mama wa vitumbua alikuwa ameacha mchele alioroweka usiku, umetandazwa kwenye ungo ukauke apeleke mashineni. Dada wa saluni alikuwa ameegemeza ukutani godoro la mwanawe, lenye ramani yake na mikoa yake yote. Juu ya paa kulikuwa na fundi, maana mwelekeo wa masika ulishatangazwa na bati lilikuwa lile lile la masika iliyopita.

Waliobaki nyumbani tulikuwa mimi na mzee. Na sheria ya uani, isiyoandikwa popote, inasema atakayekuwepo mvua ikianza anaanua za wote. Ukiikiuka utakuwa wa mwisho kwenye foleni ya bafu hadi wenzio wasahau, na wenzangu hawasahau.

Saa nane na nusu upande wa Kinyerezi ukaanza kuwa mweusi. Fundi alikuwa ameteremka kwenda kununua misumari.

"Mzee, goti linasemaje?"

"Limelala."

Tone la kwanza liligonga bati, la pili likanigonga mimi. Nikaanza kuanua. Vibanio niliviweka mdomoni kama nionavyo akina mama wakifanya, na hapo hapo mzee akaanza kuongoza kazi kutoka barazani: "Shuka kwanza! Hapana, mchele! Kijana, mchele!" Nikataka kumjibu, vibanio vikatawanyika kwenye tope. Nilipoufikia mchele ulikuwa umerudia hali ya usiku wa jana, umeroweka upya, mtu angeweza kuusaga vitumbua palepale. Godoro ndilo lililonivunja mgongo. Lilipotoka chumbani asubuhi lilibebwa na mtoto wa darasa la pili, sasa lilikuwa limekunywa, na nililiburuta kwa awamu, nikipumzika kila hatua, mzee akinihesabia: "Moja, mbili, sukuma!"

Nilipomaliza kuliingiza, jua likatoka. Si jua la kujaribu, ni jua lile lile la kandambili. Nikachungulia getini. Ng'ambo ya barabara vumbi lilikuwa bado vumbi, na jirani alikuwa amekaa chini ya mwembe na kahawa yake, mkavu kabisa.

"Jirani, mbona umelowa? Bomba limepasuka?"

Nguo za kaya sita zilikuwa kitandani kwangu, rundo moja linalofika dirishani. Jioni wenyewe wakarudi kutoka makazini, wote wakavu, wakanitazama kwa mashaka. Mama wa vitumbua alitaka kujua nani alinituma kuacha mchele uwe wa pili. Nikamwonyesha mzee. Mzee akamwonyesha mama mwenye nyumba. Kesi ikafutwa.

Ugawaji ulifanyika ukumbini, kitu kimoja kimoja, mimi nikiinua na wenyewe wakiitikia. Shuka zilikwenda vizuri. Nguo ndogo hazikuwa na mwenyewe hata moja. Niliziweka pembeni kwenye beseni, taa ikazimika kidogo, iliporudi beseni lilikuwa tupu. Kisha nikainua taulo la bluu lenye pindo la njano, na dada wa saluni akasimama.

"Hilo ni langu. Limepotea tangu mvua za vuli."

Lakini lilikuwa kwenye kamba ya kijana wa programu. Kila mtu alimwona akilianika.

"Litakuwa lilipeperushwa na upepo," akasema kijana.

"Kaskazi naijua tangu nipo reli," akasema mzee. "Haina ufunguo wa chumba chako."

Walikuwa bado wanashughulikiana nilipofika kwenye nguo ya mwisho: suruali ya kijivu, ya kiume, mkanda umo, na mfukoni ufunguo mmoja na noti ya shilingi 2,000. Nikaiinua. Kimya. Wanaume wa nyumba wakaikana mmoja baada ya mwingine. Wake zao wakawatazama, halafu wakatazamana, halafu wote wakamtazama dada wa saluni, naye akawaambia waziwazi kwamba mwanamume wa kiuno kile yeye hamtaki. Mama mwenye nyumba, ambaye amebandika mlangoni karatasi ya kukataza wageni wa kulala, aliitundika kwenye msumari ukumbini. "Mwenyewe atajitokeza," akasema, "na kodi ya mwezi huu atalipa mara mbili." Usiku ule vyumba vitatu vilisikika vikinong'ona mpaka majogoo.

Asubuhi geti liligongwa. Ni fundi, amevaa kaptula ya kazi yenye madoa ya rangi, ngazi begani.

"Shikamoo mama. Samahani, jana nilibadilisha nguo nikaacha suruali kwenye kamba."

"Marahaba. Na ulikuwa wapi?"

"Kule dukani mama ilinyesha mpaka magharibi, hapakutokeka. Nikarudi jioni, nikasikia mnaigombania humu ndani. Nikaona nikalale kwa mwenzangu."

Alikabidhiwa suruali, akakagua mfuko, ufunguo upo, noti ipo. Akatazama angani, akatazama paa.

"Leo itanyesha?"

Mzee alishika goti. Kijana alitoa simu. Mama wa vitumbua alitega sikio upande wa choo. Mama mwenye nyumba akawakata wote.

"Hainyeshi."

Fundi akaivaa suruali juu ya kaptula, akakaza mkanda, ndipo akapanda ngazi.