Jogoo wa Mnada

Baba amemnunulia mwanawe kibubu na kumuusia: panga bei kabla ya kununua, kagua mali, usishindane na watu. Jumamosi sokoni amevutana na muuza kuku robo saa kwa ajili ya shilingi elfu mbili, mtoto akitazama. Somo safi.

Jumapili, ibada imekwisha. Kama ilivyo desturi katika sharika nyingi za Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), sadaka za mazao na mifugo zinanadiwa nje ya kanisa. Jogoo mwembamba anaanzia elfu kumi. Mzee wa kanisa anaongeza. Mwenye gari jipya anaongeza. Baba anaangaza macho kuona nani anamwona, kisha anatamka: elfu themanini! Vigelegele.

"Baba, mbona hatujamkagua?"

"Nyamaza, hii ni sadaka."

Sadaka ni njema, na mtoaji hapangiwi bei. Ila bahasha ya Baba ya asubuhi, isiyo na watazamaji, ilikuwa na elfu moja.

Wazazi, mkienda mnadani na watoto, wekeni kikomo nyumbani, mkiheshimu mbele yao. Mtoto husahau wosia. Noti zinazotoka mfukoni anazihesabu.