Hongera kwa Kozi Mpya

Kijana wa Buyenzi, hongera kwa kuacha uhandisi ukachagua uuguzi. Chuo cha Marekani kitakutolea fomu mpya ya I-20, yenye kozi mpya na tarehe mpya. Mjomba mfadhili naye arudi benki kuomba taarifa nyingine ya akaunti. Ile ya zamani imechakaa kuliko vitenge vya dukani kwake. Karatasi zikikaa sawa, kumbuka kajambo kamoja: tarehe 9 Juni 2025 Marekani ilisitisha viza za wanafunzi kwa Warundi. Mwenzako aliyewahi kuingia huko kabla ya hapo hubadilishiwa kozi hapohapo chuoni, viza hata haiulizwi. Ila viza hiyo ikiisha muda, harusi za Bujumbura atazila kwa WhatsApp. Fomu yako, lakini, inapendeza. Hata jina wameliandika bila kosa.