Siku Tisini za Kutafakari

Mgambo wa halmashauri wakikubomolea kibanda alfajiri, ndugu yangu Mtanzania, usikimbilie mahakamani. Sheria inataka uipe halmashauri notisi ya siku 90 kwanza, ipate kutafakari. Kibanda chenyewe kilitafakariwa kwa alama ya X nyekundu. Tena tangu 2020 lazima umuunganishe Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na shauri liende Mahakama Kuu: mama ntilie na dola nzima, wanagombania mabati manane. Mwanasheria wa halmashauri hana presha. Pingamizi la awali liko tayari mezani: notisi ilikaa siku 89.